Mguu wa Kitinda

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia nusu. Nusu nyingine inatafuna mahindi tunayoyapukuchua, nawaona. Mikono iendelee na kazi, masikio nipeni mimi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, kulikuwa na nyika inaitwa Kisangaji. Nyika pana. Unasimama katikati unaona nyasi, na mbele ya nyasi unaona nyasi. Katikati ya nyika hiyo palipita korongo. Wakati wa masika korongo lilikuwa mto. Wakati wa kiangazi lilikuwa mchanga mtupu, mweupe, unaunguza kwato. Lakini maji yalikuwamo chini yake. Anayejua kuchimba anayapata.

Aliyejua kuchimba ni Ndovu. Ndovu anapiga mchanga kwa mguu, puu, puu. Anauzoa kwa mkonga, anautupa nyuma, fyaa. Anapiga tena, anazoa tena. Shimo likifika kwenye maji wanakunywa ndovu kwanza. Wakishiba wanaondoka, wanakuja nyati. Nyati wakishiba wanakuja wadogo. Hakuna aliyelalamikia foleni, maana hakuna mwingine mwenye mguu wa namna ile.

Sasa desturi yao ilikuwa hivi, na hapa naomba wale wanaonong'ona wanyamaze, kwa sababu ukilikosa hili umeikosa hadithi. Kila mwaka, masika yakishakatika, wanyama wote walikusanyika kwenye kona moja ya korongo. Ndiyo siku ya kupima. Ndovu wakubwa walichimba mpaka wakakuta udongo mbichi, ule ambao ukiubana unashikana. Wakiufikia waliacha. Kisha aliitwa mpimaji. Mpimaji alitumbukiza mguu wa mbele shimoni mpaka unyayo uguse ubichi. Wote waliangalia ukingo wa shimo umefika wapi mguuni. Ukifika gotini, au chini ya goti, basi nyika ina maji ya kuwavusha kiangazi, wakae. Ukipita goti, wahame. Wahame upesi, waende kwenye kinamasi cha Ulondo, ng'ambo ya vilima, vidimbwi vya njiani vikiwa bado na maji.

Na mpimaji alikuwa nani? Mpimaji alikuwa kitindamimba wa kundi la ndovu, yule wa mwisho kuzaliwa. Wazee wa kale ndio walioamua, na hawakutoa sababu. Wazee wa kale walikuwa hawaulizwi. Akizaliwa mwingine, huyu anaacha kazi na mpya anaishika. Anafundishwa kusimama, anafundishwa kutotikisika, anafundishwa kusema anachokiona na si anachokitaka.

Ikaenda hivyo, ikaenda, ikaenda. Mwaka mmoja akazaliwa ndovu wa kike, mwenye masikio yaliyomzidi kichwa. Akapewa kazi. Wakamwita Kitinda.

Siku ya kupima ikafika. Wakubwa wakachimba, puu, puu, fyaa. Kitinda akatumbukiza mguu, dumbwi.

"Umefika wapi?" akauliza Bibi Ndovu, mkuu wa kundi.

"Gotini."

"Kama mwaka jana?"

Aliyepima mwaka uliotangulia akaitikia kwamba ndiyo, kama mwaka jana. Hapo Kanga akaruka. Kanga ndiye aliyekuwa na kazi ya kutangaza, na mnamjua Kanga, hapewi neno akalala nalo. Akaruka nyika nzima akilia: goti-goti, goti-goti, goti-goti. Wanyama wakarudi kula majani.

Masika mengine yakaja, yakaenda. Mtoto mwingine hakuzaliwa. Kitinda akapima. Dumbwi.

"Umefika wapi?"

"Gotini."

"Kama mwaka jana?"

"Kama mwaka jana."

Goti-goti, goti-goti, goti-goti. Wakarudi kula majani.

Masika mengine. Mvua ilinyesha kidogo ikakatika. Mtoto hakuzaliwa. Kitinda akatumbukiza mguu. Gotini. Kama mwaka jana. Kanga akaruka. Kuna mwaka mmoja mvua ilishuka hasa, korongo likafurika, likabeba mti ambao Kanga alikuwa akilala juu yake. Mwaka huo unyevu ulipanda, ukingo wa shimo ukaishia chini ya goti, karibu na unyayo. Wakacheza ngoma siku nzima. Wakasema ukame umekwisha, tulikuwa tunaogopa bure. Mwaka uliofuata unyevu ukashuka, ukashuka kuliko ulivyokuwa umepanda, na Kitinda akasema gotini. Wakashukuru. Walikuwa na haki ya kushukuru, goti ni goti.

Miaka ikapita. Nayo migunga ya kingo za korongo ikaanza kukauka kuanzia juu. Wakasema ni wadudu. Visima vya ndovu vikawa vinabomoka kabla maji hayajatokea. Wakasema mchanga wa siku hizi si imara. Kila jambo lilipata jina lake na sababu yake, na hakuna aliyeyaweka pamoja.

Basi katika nyika ile aliishi Mama Ngiri. Ngiri mnamjua: miguu mifupi, meno yamejikunja, na mkia. Akikimbia mkia unasimama wima. Akiwa na furaha unasimama, akiwa na hofu unasimama, kwa hiyo humtambui yuko katika hali gani. Mama Ngiri alikunywa kwenye visima vya ndovu, mwisho wa foleni, na mwili wake ulikumbuka mambo ambayo kichwa chake hakikuyatafuta.

Mwili wake ulikumbuka kwamba wakati ule Kitinda alipoanza kazi, yeye alipiga magoti ukingoni mwa kisima, akainamisha pua, akanywa. Baadaye ilibidi ateremshe miguu ya mbele. Baadaye akawa anaingia mzima, mgongo unaonekana. Baadaye mgongo haukuonekana, ukaonekana mkia tu, umesimama shimoni, na wengine wakawa wanautumia kujua kama bado yumo. Baadaye hata mkia haukuonekana. Alikuwa akiingia na kupotea, na kutoka ilikuwa taabu. Mchanga unateleza, kwaraa, anarudi chini. Anapanda tena, kwaraa.

Siku moja Nyati alimkuta akihangaika hivyo, akacheka mpaka mate yakamtoka. Nyati alikuwa mnyama wa maneno.

"Mama Ngiri," akasema, "unafupika. Uzazi unakumaliza."

Neno hilo likaenea. Kanga akalibeba. Mama Ngiri anafupika. Wakimwona wanamuuliza: leo umefikia wapi, mama, bado tutakuona kesho? Yeye alikuwa na jambo lililomuuma zaidi ya mzaha. Kiangazi kilichopita alikuwa na watoto wanne. Walikuwa hawawezi kutelemka kisimani wakapanda tena, na maziwa yake yalikauka. Hakubaki hata mmoja. Alilia, na nasema wazi kwamba alilia, maana kuna watu wanadhani ngiri hana machozi kwa sababu ya sura yake. Mwaka huu alikuwa na wengine watatu. Aliapa kuwavusha. Hakuwa na jambo jingine moyoni.

Lakini lile neno la Nyati lilimkaa. Alijiuliza, je, ni kweli? Nimefupika? Akarudi kwenye pango lake, lile aliloishi tangu ujana. Ngiri huingia pangoni kinyumenyume, matako mbele, ili meno yabaki mlangoni. Akaingia kinyumenyume. Mgongo ukakwaruza dari, palepale ulipokuwa ukikwaruza siku zote. Akatoka, akaingia tena. Ukakwaruza. Akakaa mlangoni akawaza. Kama mimi sijafupika, akasema moyoni, basi shimo limerefuka. Na kama shimo limerefuka, kwa nini kila mwaka tunaambiwa goti?

Siku ya kupima ikafika. Nyika ilikuwa ya kijani, maana mvua ilikuwa imepita juzi tu. Majani yalikuwa laini, swala wanaruka, kila mtu ana tumbo. Wakakusanyika kwenye kona. Ndovu wakubwa wakachimba, puu, puu, fyaa, puu, puu, fyaa. Walichimba muda mrefu, wakabadilishana. Hatimaye wakagusa udongo mbichi. Kitinda akaja. Wakampisha, akapita kati yao, akatumbukiza mguu.

"Umefika wapi?"

"Gotini."

"Kama mwaka jana?"

"Kama mwaka jana."

Kanga akafungua mabawa.

"Kanga, ngoja kwanza," akasema Mama Ngiri.

Wakageuka. Mama Ngiri hakuwahi kusema mkutanoni. Akasogea mpaka mbele ya Bibi Ndovu, watoto wake watatu nyuma yake kwa mstari, vimkia vimesimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Naomba nisimame karibu na mpimaji."

Nyati akasema kwa sauti kwamba aangaliwe asije akakanyagwa, siku hizi ni mdogo. Wakacheka. Bibi Ndovu akaruhusu. Mama Ngiri akaenda akasimama ubavuni mwa Kitinda. Akawauliza wazee kama wanakumbuka ule mwaka Kitinda alipopima mara ya kwanza. Walikumbuka. Akauliza kama wanakumbuka baada ya kupima mtoto alifanya nini. Wakakumbuka, wakaanza kutabasamu: mtoto alikuja akampiga Mama Ngiri kumbo, naye akampiga kumbo, wakaangushana mchangani mara hii huyu mara hii yule, kwa kuwa walikuwa wamelingana.

"Tulilingana," akasema Mama Ngiri. "Nyote mmekubali."

Kisha akatembea. Akapita chini ya tumbo la Kitinda, akatokea upande wa pili. Mkia ulikuwa umesimama wima na haukugusa kitu. Akageuka akapita tena, pole pole, na watoto wake wakapita nyuma yake.

Kicheko kikakatika. Wakamtazama Kitinda. Walikuwa wakimwona kila siku, na siku hiyo ndiyo waliyomwona. Alikuwa ndovu mzima. Pembe zimetoka. Miguu minene, mirefu. Nao mpaka asubuhi ile walikuwa wakimwita mtoto.

"Mimi naingia pangoni kwangu na dari inanikwaruza mgongo kama zamani," akasema Mama Ngiri. "Sijafupika. Goti la Kitinda ndilo lililopanda. Kila mwaka linapanda, na udongo mbichi unashuka, na sisi tunasema kama mwaka jana."

Nyati akajibu kwamba hayo ni maneno, watu watazame majani, majani ni mabichi, ukame gani unaota majani? Mama Ngiri hakubishana naye. Akainamisha pua palepale, akachimbua nyasi, fuu. Juu mizizi mibichi. Akachimba kidogo zaidi. Likatoka vumbi, likamwingia Nyati puani, akapiga chafya.

Sasa Bibi Ndovu akasema, na sauti yake ilikuwa nzito. Akasema desturi haikuanzishwa na yeye. Anayepima ni kitindamimba. Kitinda ni kitindamimba. Amesema goti, na goti ni goti.

"Sawa, Bibi," akasema Mama Ngiri. "Basi na atupimie mdogo wake."

"Hana mdogo."

"Kwa nini hana mdogo?"

Ndovu wa kike wakatazama chini, kila mmoja peke yake. Mmoja akachezea mchanga kwa mkonga. Mwishowe akasema mama yake Kitinda, na ilimgharimu kusema.

"Matumbo yetu yamekataa. Mimi nilidhani ni mimi tu, nikaona aibu."

Mwingine akasema hata yeye. Mwingine akasema hata yeye. Walikuwa wameishi pamoja miaka yote hiyo, wakinywa kisima kimoja, na kila mmoja alikuwa ameficha jambo lilelile. Walisikitika sana, wakaegemeana.

Ngojeni kidogo hapo, nilifafanue kwa ajili ya wale wa nyuma. Zamani watoto walizaliwa kila mara, kwa hiyo mguu uliopima ulikuwa siku zote mguu wa mtoto, urefu uleule. Wazee wa kale hawakuwa wajinga. Kisha udongo ukaanza kukauka. Kwa kuwa udongo umekauka, ndovu wakaacha kuzaa. Kwa kuwa hawakuzaa, mpimaji hakubadilishwa. Kwa kuwa mpimaji hakubadilishwa, alikua, na kwa kuwa alikua, ukame haukuonekana. Ukame wenyewe ndio uliojificha nyuma ya mguu wa Kitinda, na hakuna aliyesema uongo hata siku moja. Mmeelewa? Tuendelee.

Mtadhani Bibi Ndovu aliinuka akasema tuhame. Hakusema. Alikuwa amehama na nyika nzima mara moja tu maishani mwake, akiwa kijana, akiwafuata wakubwa, na njiani alizika ndugu. Aliogopa. Akasema hawezi kuwatoa wanyama wote kwenye majani mabichi kwa ushahidi wa ngiri aliyepita chini ya tumbo. Akamwamuru Kanga atangaze. Kanga akaruka, akalia goti-goti, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na akarudi mapema. Wanyama wakatawanyika. Wengi walikuwa wamemwamini Mama Ngiri, ila kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie.

Asubuhi yake Mama Ngiri aliwaamsha watoto wake. Hakuaga. Alijua vizuri kwamba njia ya Ulondo inakata makorongo ya mchanga moja baada ya jingine, na kwamba ngiri hawezi kufika kwenye maji ya mchanga kwa pua. Aliujaribu mchanga huo mara nyingi. Unachimba, unajaa. Lakini aliona kufa njiani na kufa nyumbani ni kufa, na njiani angalau anakwenda mahali.

Hawajafika mbali wakasikia ardhi inatikisika nyuma yao, ndu, ndu, ndu. Alikuwa Kitinda. Alikuwa amelia, macho yamevimba.

"Mama Ngiri, sikusema uongo."

"Najua."

"Kila mwaka nilisema nilichokiona."

"Najua, mwanangu. Ulifundishwa kusema unachokiona, ukasema. Hukufundishwa kujitazama mwenyewe."

Kitinda akautazama mguu wake wa mbele. "Mguu huu ndio uliowaweka hapa," akasema. "Basi acha uwachimbie njiani."

Wakaenda. Korongo la kwanza, Kitinda akachimba, puu, puu, fyaa. Maji yakatokea mbali chini. Watoto wa ngiri hawakuweza kuyafikia. Kitinda akayavuta kwa mkonga, akayamwaga juu kwenye shimo la udongo mgumu, wakanywa. Korongo la pili, hivyo hivyo. Vidimbwi vilivyosimuliwa na wazee havikuwapo, palikuwa na udongo uliopasuka vipande. Walipolala walilala chini ya tumbo la Kitinda, mama na watoto, na jua halikuwapata.

Njiani walikuta wanyama wa nchi nyingine. Kila mahali waliuliza hali, na kila mahali walijibiwa kwamba hapa kwetu ni kawaida, pengine mwaka huu umezidi kidogo, mwakani itakaa sawa. Pundamilia walisema hivyo. Swala wa vilimani walisema hivyo, wamesimama katikati ya miti mikavu. Mama Ngiri alishukuru, akapita.

Nyuma yao vumbi likaonekana. Alikuwa mama yake Kitinda na ndovu wengine wa kike. Nyuma yao swala, nyuma ya swala kundi kubwa la wanyama wadogo, na Kanga juu yao. Mpimaji ameondoka, walisema, sasa nani atatupimia? Nyati naye alikuwapo. Aliwaeleza wote kwamba yeye hahami, ila ana matembezi yake ya upande huu. Bibi Ndovu alibaki. Baada ya muda alichimba mwenyewe, akatumbukiza mguu wake mwenyewe, mguu wa ndovu mzee, mrefu kuliko yote, na bado ukingo wa shimo ukapita goti. Akaja peke yake. Alifika Ulondo akiwa mifupa na ngozi. Wakampisha anywe, na hakuna aliyemuuliza kitu. Waliobaki Kisangaji wakimngoja Kanga arudi kutangaza, hao sitawasimulia.

Watoto wa Mama Ngiri walifika wote watatu. Wa mwisho alifika juu ya mkonga wa Kitinda, amelala, lakini alifika. Mama Ngiri aliwahesabu, akawalamba, akawahesabu tena. Akalia mara ya pili katika hadithi hii.

Kinamasi cha Ulondo kilikuwapo kweli. Maji yalikuwapo, matete yalikuwapo. Na katikati ya maji alikuwapo Kiboko, mwenyeji, mnene, ametulia. Akawakaribisha vizuri. Akawaambia wanywe, wajisikie nyumbani, Ulondo haijakauka wala haitakauka. Mama Ngiri akamuuliza, kwa adabu, amejuaje.

"Mimi napima," akasema Kiboko. "Kila mwaka masika yakikatika naingia majini, natembea mpaka yanifike tumboni. Na kila mwaka yananifika tumboni. Hayajawahi kukosa."

Wanyama wa Kisangaji wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, hata ndovu, hata Nyati, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kiboko hakuelewa kinachochekesha. Mama Ngiri hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma, huko walikotoka, mahali walipopita bila kujali kwa sababu ya kiu. Palikuwa na uwanja mpana wa tope lililokauka, na juu kabisa, mbali na maji, mstari wa mabua ya matete yaliyokufa. Akamuuliza mwenyeji yale mabua ni ya nini. Kiboko akageuza shingo, akayatazama, akasema ni matete ya zamani, matete yana tabia ya kuhama.

Siku ileile Mama Ngiri alitafuta jiwe, akalisukuma kwa pua mpaka kwenye ukingo wa maji, pale maji yanapogusa nchi kavu. Akawaita watoto wake watatu akawaonyesha. Akawaambia jiwe hili halikui, halizeeki na halina ukoo. Kila masika yakikatika njooni mlitazame, na msimsikilize mtu mwingine, hata mimi.

Mwaka ukapita. Masika yalikuja, yakakatika. Majani yalikuwa mabichi kila upande. Wakaenda kulitazama jiwe. Lilikuwa nchi kavu, limezungukwa na tope lililopasuka, na maji yako mbele, ukitembea unayafikia baada ya muda. Wakamwita Kiboko aone. Kiboko akatoka majini akaja, akalizunguka jiwe, akalinusa. Akafikiri sana. Akasema jiwe limetembea.

Mama Ngiri hakubishana naye. Aliwatazama wanawe, wamenenepa, wazima, wamelingana naye kimo. Akageuka. Kitinda akatangulia kutafuta maji kwingine, wao wakafuata, na mikia yote ilikuwa wima.

Funzo la hadithi hii nalisema wazi, asitokee wa kuniuliza kesho. Jambo linalobadilika pole pole ukilipima kwa kitu kinachobadilika pamoja nalo, utaona halijabadilika, na litakumaliza ukiwa unashukuru. Usiulinganishe mwaka huu na mwaka jana tu, ulinganishe na ule wa mbali. Na kabla hujaamini kipimo, kipime chenyewe.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokomea. Anayeiona fupi na airefushe mwenyewe.